Mgogoro wa Daktari na Mgonjwa katika Mitandao ya Kijamii: Uhakiki wa Usimulizi

Neno mgogoro limetumika sana katika uhakiki wetu, na pengine limetumika kupita kiasi. Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba kila kazi ya sanaa ina mgogoro wake, kwamba mgogoro huo hujengwa na mtunzi kwa kuwagonganisha wahusika, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuufichua na kuueleza. Lakini twasemaje juu ya mgogoro ambao haukutungwa na mtu mmoja, ambao wahusika wake ni watu wa damu na nyama, na ambao watunzi wake ni maelfu ya wasimulizi wasiofahamiana, kila mmoja akiongeza sentensi yake juu ya ile ya mwenzake? Hayo ndiyo maandishi tunayokusudia kuyachunguza hapa: masimulizi ya Wakenya katika Facebook, WhatsApp na Twitter (ambayo tangu mwaka 2023 yaitwa X) juu ya madaktari na wagonjwa wao.

Huenda pakawa na msomaji atakayeuliza iwapo maandishi ya aina hiyo, yanayoandikwa asubuhi na kusahauliwa jioni, yanastahili nafasi katika jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba aingiaye chumba cha daktari leo haingii peke yake. Huingia na hadithi alizozisoma njiani, na daktari aliyeketi upande wa pili wa meza amezisoma zizo hizo. Fani ya hadithi hizo, basi, si pambo. Ndiyo iamuayo nani ataaminiwa kabla hajafungua kinywa. Nasi twadai kwamba mitandao haikuzua hasira baina ya daktari na mgonjwa, maana sababu za hasira hiyo zilikuwako wodini zamani kabla ya simu hizi. Ilichofanya mitandao ni kuipa hasira umbo la hadithi. Umbo hilo mara nyingine hutuonyesha ukweli ambao ripoti za wakubwa huuficha, na mara nyingine huufunika ukweli huo huo kwa blanketi zito.

Tuanze na kisa cha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambacho habari zake zilienea mwanzoni mwa Machi 2018. Wagonjwa wawili wanaume walikuwa wamelazwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni, naye alihitaji kupasuliwa. Wa pili alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji kisu. Utambulisho wao ukachanganywa, na huyo wa pili ndiye aliyepelekwa chumba cha upasuaji na kufunguliwa fuvu. Iliripotiwa kuwa ni baada ya saa kadhaa ndipo wapasuaji walipogundua kwamba damu waliyoitafuta haikuwamo. Hospitali iliwasimamisha kazi watu wanne: daktari mpasuaji ambaye bado alikuwa akisomea ubingwa, muuguzi wa wodi, muuguzi aliyempokea mgonjwa katika chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa nusukaputi. Waziri wa Afya naye akaagiza mkuu wa hospitali aende likizo ya lazima.

Msomaji na azingatie idadi hiyo: watu wanne. Mgonjwa yule alipita katika mikono minne, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kumwuliza jina lake au kulisoma. Kwa hakika kisa kizima, ukikitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, ni kisa cha usomaji: kibandiko chenye jina la mtu kilikuwa mahali pasipo pake, na wasomaji wanne wakakiamini kibandiko. Lakini katika mitandao, wanne hao walikuwa mmoja kabla ya jua kutua. Muuguzi wa wodi alitoweka, wa chumba cha upasuaji akatoweka, wa nusukaputi akatoweka, akabaki daktari na kisu chake.

Kwa nini? Sababu moja ni ya kisarufi. Kauli ya kutendwa, katika Kiswahili, hualika swali la mtenda. Msimulizi akisema mtu amepasuliwa kichwa bure, sikio lamngojea aliyepasua, na anayepasua ni mpasuaji, si mwingine. Hakuna kitenzi chepesi cha kueleza kosa la kibandiko. Huwezi kusema mtu amebandikwa jina lisilo lake ukatarajia umati ushike vichwa. Sababu ya pili ni ya kifasihi. Ngano zetu hazipendi mlolongo, zinapenda zimwi. Mhusika mwovu sharti awe mmoja, awe na chombo mkononi, na awe amesimama karibu na mwathiriwa wakati wa tendo. Kisa cha Machi 2018 kiliwapa wasimulizi hayo yote bila ya kuombwa.

Madaktari walijibu, na majibu yao yanastahili uhakiki ule ule. Wenzake waliokuwa wakisomea ubingwa hospitalini humo waliacha kazi wakitaka mwenzao arejeshwe, na katika mitandao wengi wa taaluma hiyo wakasimulia juu ya zamu zisizokwisha, wodi zilizofurika, na kijana anayebebeshwa mzigo wa jengo zima. Maneno yao, kwa kadiri tunavyojua hali ya hospitali zetu, yalikuwa na ukweli mwingi. Lakini tazama umbo lake. Daktari aliyekuwa zimwi sasa ni shujaa anayeonewa. Zimwi limehamia katika ofisi ya wakuu. Hadithi imepinduliwa juu chini, ila haikubadilika. Bado ni ya mtu mmoja.

Na katika hadithi zote mbili kuna mtu ambaye hana nafasi kabisa. Huyo ni yule mgonjwa wa kwanza, aliyehitaji kupasuliwa na hakupasuliwa. Kosa lilikuwa na pande mbili: mmoja alifanyiwa asichohitaji na mwingine hakufanyiwa alichohitaji. Wa kwanza hakuwa na jeraha la kuonyesha. Alikuwa amelala tu, akingoja. Usimulizi wa mitandao haujui la kufanya na mtu anayengoja. Nasi tungesema kwamba hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa, kwani wengi wa wanaodhulumiwa katika hospitali za umma hawadhulumiwi kwa kisu. Hudhulumiwa kwa kungojeshwa.

Ili kueleza jinsi kisa kimoja kinavyogeuka kuwa maoni ya umma, hatuna budi kutazama nyakati za vitenzi. Hadithi ya mgonjwa mmoja husimuliwa kwa -li-: daktari alinifokea, alinipita, alikataa kunitazama. Chini yake huja mtu wa pili na -li- yake, kisha wa tatu, na wote huenda wanasema kweli tupu. Lakini ukishuka zaidi utafika mahali ambapo mtu asiyesimulia lolote lililompata anaandika kwa hu-: madaktari hufoka, madaktari huwapita watu. (Hii ni mifano ya umbo, si nukuu za mtu yeyote.) Kutoka -li- hadi hu- ni hatua moja fupi, nayo hubadilisha kila kitu, maana -li- yaweza kuthibitishwa au kukanushwa, ilhali hu- haina siku wala mahali wala shahidi. Pamoja na mabadiliko hayo huja kiashiria. Wodini mgonjwa husema "daktari" kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita mlangoni pa watu. Mtandaoni neno lilo hilo huongezewa wingi na kidole: "hawa madaktari". Mwuguzi, ambaye wodini ni "sista", huko huwa "hao masista". Mwenye masikio ya Kiswahili ajua kwamba "hawa" ya namna hiyo haionyeshi walipo watu; hutoa hukumu.

Kisa cha Machi hakikuwa cha kwanza mwaka huo. Januari 2018 yalienea katika Facebook madai kwamba wazazi wapya katika hospitali iyo hiyo walikuwa wakishambuliwa usiku wakienda kuwanyonyesha watoto wao waliolazwa mbali nao. Uongozi ulikana, Waziri wa Afya wa wakati huo akaagiza uchunguzi, na watu wakaandamana. Hatusemi visa hivi viwili vina uzito mmoja wala ushahidi mmoja. Twasema tu kwamba Machi ilipofika, hu- ilikuwa imekwisha kutayarishwa.

Hata hivyo ingekuwa ni upuuzi kumalizia hapo na kuwalaumu wasimulizi, kama wafanyavyo baadhi ya wataalamu wa tiba ambao kwao kila lalamiko la mgonjwa ni fitina za simu. Yapo mambo ambayo hu- ni haki yake. Methali zetu nazo zilianza kwa -li- ya watu wengi. Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa muda wa saa 18 akizungushwa mjini Nairobi na viungani mwake, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Katika hospitali ya umma kitanda hakikuwapo. Katika ya binafsi yalidaiwa malipo ya kutangulizwa. Hatimaye alifariki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura, na kifungu hicho kilikuwa na umri wa miaka mitano siku ile ambulensi ilipokuwa ikigeuza njia.

Twapenda kukilinganisha kisa hicho na kile cha 2018 kwa sababu usimulizi wake ulikuwa mwingine. Hakikuwa na zimwi. Kilikuwa na safari. Aliyekisimulia alilazimika kutaja lango baada ya lango, saa baada ya saa, na kila lango lilikuwa na sababu yake. Umbo la safari ni la kale katika fasihi simulizi. Shujaa huenda, hukataliwa, huenda tena. Msikilizaji wa hadithi kama hiyo hawezi kumkamata mtu mmoja akasema huyu ndiye. Analazimika kuiona nchi. Ndiyo maana hasira ya Oktoba 2015 ilielekea kuuliza juu ya vitanda, malipo ya awali na sheria, ilhali ile ya Machi 2018 ilielekea kuuliza juu ya jina la daktari. Watu walikuwa ni wale wale na simu ni zile zile. Kilichokuwa tofauti ni fani.

Sasa tugeukie mgomo wa madaktari wa hospitali za umma, ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 na kumalizika tarehe 14 Machi 2017, siku 100 kamili. Madai ya chama chao yalitokana na mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013, mwaka ule ule ambao huduma nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti 47. Mkataba huo haukuhusu mishahara tu. Ulihusu pia idadi ya madaktari na hali za kazi. Lakini wasomaji wa mitandao waliupata mgomo kwa maneno matatu yenye alama ya reli mbele yake: Lipa Kama Tender.

Tukiri kwamba ni maneno yaliyotungwa kwa ustadi. Muda mfupi tu kabla ya mgomo, magazeti yalikuwa yamechapisha habari za ukaguzi wa ndani uliotilia shaka matumizi ya takribani shilingi bilioni 5 katika Wizara ya Afya, ambayo makao yake ni Afya House. Kila Mkenya alijua tenda ni nini na hulipwa upesi kiasi gani mwenyewe akiwa na watu. Na ijapokuwa neno liliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, sikio la Mswahili lilisikia pia kitenzi "tenda", kwa hiyo dai la malipo likawa na mwangwi wa kazi iliyofanywa. Wachache wa washairi wetu wa siku hizi wangeweza kubana maana hizo mbili katika maneno matatu.

Lakini kitenzi "lipa" hapo kimesimama bila ya kiambishi cha mtendwa. Si "tulipe". Anayeamriwa ni mmoja, yaani serikali. Anayelipwa ameachwa afahamike. Na mgonjwa, ambaye alikuwa amelala nyumbani kwa sababu wodi zilifungwa, hana hata kiambishi katika sentensi nzima. Madaktari walipoeleza kwa urefu walimtaja: walisema wanagoma kwa ajili yake, kwamba hospitali bila ya glavu na dawa ni nyumba ya kufia. Ila maelezo marefu hayasafiri kama alama ya reli. Mgonjwa akayasikia yale mafupi, akaona hayumo. Naye akaanza kusimulia yake, ya mama aliyerudishwa langoni na ya mtoto asiyepata dripu. Viongozi saba wa chama walipofungwa kwa kudharau mahakama, Februari 2017, na kuachiliwa siku mbili baadaye, upande mmoja wa mtandao ulipata mashujaa wake. Upande wa pili ulikuwa ukihesabu siku.

Katika mgomo wa 2024, uliodumu siku 56 tangu 14 Machi hadi 8 Mei, mambo yalirudi kwa sura nyingine: nambari mbili zilishindana, shilingi 206,000 kwa mwezi ambazo mkataba wa 2017 uliwaahidi madaktari wanagenzi, na shilingi 70,000 ambazo serikali ilisema ndizo ziwezazo kulipwa. Nambari haihitaji kitenzi wala mhusika. Kila msomaji aliilinganisha na mshahara wake mwenyewe, akaamua.

Yafaa tuulize kwa nini hadithi hizi mbili, ya daktari na ya mgonjwa, hupitana bila ya kukutana, ijapokuwa zimo katika ukurasa mmoja. Jadi ya Kiswahili ina utaratibu wake wa ugomvi wa maneno. Washairi wa Mombasa na wa Lamu zama za Muyaka bin Haji walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ilipokuwa imeshikiana silaha, na katika kurasa za mashairi za Taifa Leo malumbano yameendelea vizazi kadhaa. Ajibuye aghalabu huchukua bahari ya mwenzake na vina vya mwenzake. Hilo si pambo tu. Ili uchukue vina vya mtu lazima kwanza umsome hadi mwisho, na ili ujibu hoja yake lazima iwemo katika shairi lako. Wote wawili hupimwa kwa mizani moja, na hadhira hujua nani ameshindwa.

Baina ya daktari na mgonjwa mtandaoni mizani hiyo haiwezekani, na kosa si la tabia ya mtu. Mgonjwa asimulia mwili wake, na ana haki nao. Daktari akitaka kumjibu kwa vina vile vile itambidi aseme yaliyomo katika faili: ugonjwa gani, alikuja lini, alikataa dawa ipi. Hayo amekatazwa na miiko ya kazi yake, na tangu mwaka 2019 sheria ya ulinzi wa data yahesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa zile zinazohifadhiwa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo hunyamaza, na kimya chake husomwa kuwa ni kukiri. Au huacha kisa chenyewe akajibu kwa jumla, kwa hu- yake: wagonjwa hawajui, wagonjwa huchelewa kuja. Mgonjwa naye, usisahau, aghalabu hajaiona faili hiyo. Asimulia alichokiona kutoka kitandani, mgongo wa daktari anayeondoka, bila ya kujua kwamba anaondoka kwenda kwa wengine arubaini. Mmoja ana faili na hana ruhusa ya kusema. Mwingine ana ruhusa ya kusema na hana faili. Wanaobaki na vyote viwili ni wakuu wa hospitali, nao huandika taarifa fupi ambamo "makosa yalitokea", kitenzi ambacho hakijapata kuwa na mtenda tangu kuumbwa kwake.

Lipo pia jambo la majina, ambalo tutaligusa kwa kupita. Nchini Tanzania mkuu wa tiba wa wilaya au mkoa angali akiitwa Mganga Mkuu, na hakuna anayecheka. Kwetu Kenya "mganga" amesukumwa hadi kwenye hirizi na vibao vya barabarani, akaachiwa "daktari" kazi yote ya heshima. Neno la kigeni lililobeba heshima ya kigeni huanguka kutoka juu zaidi. Siku hizi hati za huduma zinazobandikwa ukutani katika baadhi ya hospitali zimeanza kumwita mgonjwa "mteja", na sisi twaona neno hilo limefanya madhara makubwa kuliko matusi yote ya mtandaoni: mteja huuziwa, na akiuziwa kibaya hupiga kelele dukani ili wengine wasinunue. Ndivyo hasa tunavyomwona akifanya.

Malalamiko rasmi hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Huko kuna faili, kuna pande mbili, kuna daktari anayeruhusiwa kusema na mgonjwa anayeruhusiwa kuuliza. Yaani kuna ile mizani tuliyoitafuta. Lakini kisa kilichosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng huko nje, pamoja na "hawa" zake na -li- zake zote, aghalabu hufika mezani kikiwa Kiingereza, na uamuzi nao hutoka kwa Kiingereza, ijapokuwa kifungu cha 7 cha Katiba chakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Wale elfu walioisoma hadithi sehemu yake ya kwanza hawaletewi ya pili. Kufikia siku ya uamuzi wamo katika kisa kingine, hospitali nyingine, wanauliza jina la daktari.